Harriet Morison: fundi wa Dunedin aliyewasimamia washonaji wa New Zealand

Tarehe 11 Julai 1889, katika mji wa Dunedin kusini mwa New Zealand, wanawake waliokuwa wakiishi kwa kushona mashati, suruali na makoti ya watu wengine waliunda chama chao cha wafanyakazi. Kilikuwa chama cha kwanza cha wafanyakazi wanawake katika nchi hiyo. Miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo alikuwa Harriet Morison, binti wa fundi cherehani kutoka Ireland, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu.

Nchini New Zealand, suala la malipo ya wanawake limerudi bungeni na mitaani. Mwezi Mei 2025, bunge la nchi hiyo lilibadilisha sheria ya usawa wa malipo na kusimamisha madai 33 yaliyokuwa yamewasilishwa kwa niaba ya wafanyakazi katika kazi zinazofanywa zaidi na wanawake. Ili kuelewa kwa nini hatua hiyo ilizua hasira kubwa kiasi kile, inafaa kurudi nyuma hadi Dunedin ya Harriet Morison, ambako swali la thamani ya kazi ya mwanamke liliulizwa hadharani na kwa mpango.

Kutoka Ireland hadi mji wa dhahabu

Harriet Russell Morison alizaliwa Magherafelt, kaskazini mwa Ireland, na inakadiriwa kuwa ilikuwa mwaka 1862. Baba yake, James Morison, alikuwa fundi mkuu wa kushona nguo. Familia ilihamia New Zealand katika miaka ya 1870, wakati koloni hilo la Uingereza lilipokuwa likiwavuta wahamiaji kwa maelfu.

Dunedin ulikuwa mji uliotajirika ghafla. Dhahabu iligunduliwa mkoani Otago mwaka 1861, na katika muda mfupi mji huo wa bandari ukawa miongoni mwa miji mikubwa na yenye fedha nyingi zaidi nchini. Mabenki, maghala ya jumla na viwanda vya nguo vilijengwa. Lakini dhahabu ilipopungua, na bei za mazao zilipoporomoka katika masoko ya ng'ambo, New Zealand iliingia katika kipindi kirefu cha hali ngumu ya uchumi kilichoendelea katika miaka yote ya 1880. Wanaume wengi walikosa kazi. Wake, binti na wajane ndio waliotafuta chochote cha kuitia familia riziki, na chochote hicho mara nyingi kilikuwa sindano.

Morison naye aliingia katika kazi ya ushoni. Alikulia katika nyumba ya fundi, kwa hiyo alijua tofauti ya nguo iliyoshonwa vizuri na iliyolipuliwa. Alijua pia kwamba ustadi huo ulilipwa kwa namna mbili: mwanaume aliyeshona kwa oda ya mteja aliheshimiwa kama fundi, ilhali mwanamke aliyeshona nguo za kiwandani alichukuliwa kama mtu wa kujiongezea kipato tu, hata kama ndiye aliyekuwa akilisha watoto.

Jinsi mshahara ulivyoporomoka

Wanawake hao hawakulipwa kwa siku. Walilipwa kwa kipande: bei fulani kwa shati, bei fulani kwa suruali, bei fulani kwa koti. Mfumo huo ulikuwa na mlango wa hila. Mwenye ghala alipopata oda kubwa, aliweza kuikabidhi kwa dalali aliyekubali kuitimiza kwa bei ya chini kuliko kiwanda. Dalali naye alitafuta washonaji waliokuwa tayari kupokea kidogo zaidi ili abaki na faida yake. Kiwanda kilichokuwa kikilipa vizuri kilijikuta kikishindwa na wapinzani, kikapunguza bei zake pia. Kila punguzo lilizaa punguzo jingine, na mzigo wote ulimwangukia aliyekuwa mwisho wa mnyororo, yaani mwanamke mwenye cherehani.

Sheria ilikuwapo. Tangu mwaka 1873 New Zealand ilikuwa na sheria iliyoweka kikomo cha saa nane kwa siku kwa wanawake waliofanya kazi katika karakana. Lakini sheria hiyo ilikomea mlangoni. Saa nane zikiisha, mshonaji alifunga bunda la nguo zilizokatwa na kwenda nalo nyumbani, akaendelea kushona hadi usiku wa manane. Huko nyumbani taa ilikuwa yake, makaa ya kupashia chumba joto yalikuwa yake, na mara nyingine hata uzi ulikuwa wake. Mkaguzi hakuweza kumwona, na mwajiri aliweza kusema kwamba hakuvunja sheria yoyote.

Hali hiyo haikuwa ya Dunedin peke yake. Ng'ambo ya bahari ya Tasman, mjini Melbourne, washonaji wanawake walikuwa wamekwisha kugoma mwishoni mwa mwaka 1882 baada ya kupunguziwa malipo ya vipande, na wakaunda chama chao. Habari za mgomo huo zilivuka bahari pamoja na meli za biashara. Wanawake wa New Zealand walijua kwamba jambo hilo linawezekana.

Mahubiri, gazeti na mkutano

Mwaka 1888 kasisi wa Kipresbiteri, Rutherford Waddell, mzaliwa wa Ireland kama Morison, alihubiri katika kanisa la St Andrew's mjini Dunedin juu ya dhambi ya kupenda vitu rahisi. Kanisa lake lilikuwa katika mtaa wa watu maskini, na washonaji walikuwa miongoni mwa waumini wake. Hoja yake iliwagusa wanunuzi moja kwa moja: anayefurahia nguo ya bei ya kutupa ajue kuna mtu aliyeilipia tofauti hiyo kwa usingizi na afya yake.

Gazeti la Otago Daily Times lililichukua jambo hilo. Mapema mwaka 1889 mwandishi wake, Silas Spragg, alizunguka katika karakana na nyumba za washonaji na kuandika mfululizo wa makala kuhusu saa walizofanya kazi na senti walizopata. Mji ulitikisika. Watu waliokuwa wakijivunia kwamba wameacha dhiki za viwanda vya Ulaya walikuta dhiki hizo zimewafuata katika nchi mpya. Mwezi Juni mwaka huo ukafanyika mkutano mkubwa wa hadhara, na mwezi uliofuata chama cha washonaji kikazaliwa.

Waddell alikuwa rais wake wa kwanza. Viongozi wa vyama vya wanaume, akiwemo John Millar wa chama cha mabaharia, walisaidia kukiweka sawa. Harriet Morison alichaguliwa kuwa makamu wa rais, na baadaye kidogo akawa katibu. Nafasi hiyo ndiyo iliyobeba kazi yenyewe. Rais aliongoza mikutano. Katibu alizunguka kiwandani, alikusanya ada, aliandika barua, alisikiliza malalamiko ya msichana aliyeogopa kumkabili msimamizi wake, kisha akaenda kumkabili yeye.

Orodha ya bei

Silaha kuu ya chama ilikuwa karatasi. Wanawake walidai kuwepo kwa orodha moja ya bei kwa kila aina ya nguo na kila hatua ya kuishona, ambayo waajiri wote wa mji wangeifuata. Suruali ya aina fulani iwe na bei moja, iwe imeshonwa kiwandani, kwa dalali au nyumbani. Mwajiri asingeweza tena kumwambia mshonaji kwamba jirani yake amekubali kidogo, kwa sababu jirani yake angekuwa na orodha ileile mkononi.

Kutunga orodha hiyo kulihitaji ujuzi ambao kasisi na mabaharia hawakuwa nao. Ni mshonaji tu aliyejua ni muda gani unaopotea katika kutia mfuko wa ndani, ni vigumu kiasi gani kupitisha sindano katika kitambaa kizito, na kwa nini shati linaloonekana rahisi lina matundu ya vifungo yanayokula nusu saa. Wanawake waliokuwa wakihesabiwa kuwa hawana ufundi walikaa mezani wakieleza ufundi huo hatua kwa hatua, na kila hatua ikapewa thamani yake. Baada ya mazungumzo, waajiri wakubwa wa Dunedin waliikubali orodha. Wengine walifanya hivyo kwa moyo mweupe, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wamechoka kushindwa na wapinzani waliolipa vibaya.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na Morison alilijua hilo kwa upana wake. Kama bei ingepanda Dunedin pekee, oda zingehamia Christchurch, Wellington au Auckland. Kwa hiyo chama chake kilisaidia washonaji wa miji mingine kuunda vyama vyao na kudai bei zinazolingana. Katika miezi michache chama cha Dunedin kilikuwa na mamia ya wanachama, jambo ambalo wengi hawakulitarajia kutoka kwa wanawake vijana waliokuwa wakiambiwa kwamba kazi kwao ni ya kungojea ndoa.

Kisha likaja pigo. Mwezi Agosti 1890 mgomo mkubwa wa mabaharia na makuli wa bandari ulisambaa katika Australia na New Zealand, na ilipofika Novemba ulikuwa umeshindwa. Vyama vingi vilivunjika au kubaki majina tu. Chama cha washonaji wa Dunedin kilivumilia dhoruba hiyo. Sehemu ya sababu ni kwamba wanachama wake walikuwa wamekwisha kuonja faida ya orodha ya bei na hawakuwa tayari kuiacha.

Mwaka huohuo wa 1890 serikali iliteua tume ya kuchunguza hali ya kazi katika viwanda na maduka. Waddell mwenyewe alikuwa miongoni mwa wajumbe wake. Katika miaka iliyofuata zikatungwa sheria mpya za viwanda, mwaka 1891 na 1894, na sheria ya usuluhishi wa migogoro ya kazi ya mwaka 1894, ambayo ilizipa kauli za vyama vya wafanyakazi nguvu ya kisheria. Wakaguzi wanawake walianza kuajiriwa. New Zealand ikaanza kutajwa duniani kama maabara ya sheria za kijamii.

Sahihi moja baada ya nyingine

Morison aliona mapema kwamba sheria hizo zilitungwa na watu wasiochaguliwa na wanawake. Mbunge hakuwa na sababu ya kumwogopa mshonaji, kwa kuwa mshonaji hakuwa na kura. Hapo ndipo harakati zake za malipo zilipokutana na harakati za haki ya kupiga kura.

Historia inamtaja kwanza Kate Sheppard wa Christchurch kama kiongozi wa harakati hizo, na ni haki yake. Sheppard alipanga, aliandika na kuunganisha nchi nzima kupitia chama cha wanawake wa Kikristo cha kupinga ulevi. Lakini chama hicho kilikuwa na mpaka wake: mwanamke ambaye hakuvutiwa na suala la pombe, au aliyeona kwamba wake wa wafanyabiashara hawajui shida zake, hakujiona humo. Aprili 1892 ikaundwa Dunedin jumuiya mpya ya wanawake kwa ajili ya kura pekee, na Morison alikuwa mmoja wa waliosukuma kuundwa kwake. Anna Stout, mke wa waziri mkuu wa zamani Robert Stout, alikuwa rais wake, na Marion Hatton ndiye aliyeendesha kazi zake za kila siku. Katika chumba kimoja walikaa mke wa mwanasiasa mashuhuri na katibu wa washonaji.

Mchango wa Morison ulikuwa kuwafikia wanawake wa viwandani. Alikuwa na mtandao ambao hakuna mwanamke wa tabaka la juu aliyekuwa nao: karakana baada ya karakana ambako aliingia na kutoka kwa kazi ya chama. Hati za maombi ya kura zilipita pamoja naye. Hoja aliyoibeba ilieleweka bila ufafanuzi mrefu, kwamba anayelipa kodi ya nyumba kwa jasho lake ana haki ya kusema ni nani atunge sheria za jasho hilo. Katika hati ya mwaka 1892, iliyokusanya sahihi zaidi ya 20,000 nchini kote, eneo la Dunedin lilikuwa mbele ya maeneo mengine.

Upinzani ulikuwa karibu nao. Henry Fish, mbunge wa Dunedin mwenye uhusiano na wafanyabiashara wa pombe, aliandaa hati zake za kupinga kura ya wanawake. Ikagundulika kwamba waliotumwa kuzisambaza walikuwa wakilipwa, na kwamba baadhi ya majina yalikuwa ya uongo. Kashfa hiyo iliwadhoofisha wapinzani na kuwapa nguvu wanawake waliokuwa wakikusanya sahihi zao kwa miguu, bila malipo, baada ya saa za kazi.

Mwaka 1893 hati zote pamoja zilibeba karibu sahihi 32,000. Hati kubwa kuliko zote ilikuwa karatasi zilizogundishwa pamoja na kuviringishwa kama jamvi. Mbunge John Hall aliikunjua katikati ya ukumbi wa bunge, ikaenda hadi ukutani. Tarehe 8 Septemba mswada ulipita katika baraza la juu kwa kura 20 dhidi ya 18, na tarehe 19 Septemba 1893 ukawa sheria. New Zealand ikawa nchi ya kwanza yenye serikali yake ya ndani ambako wanawake, wakiwemo wanawake wa Kimaori, walipata haki ya kuchagua wabunge. Tarehe 28 Novemba mwaka huohuo wanawake zaidi ya 90,000 walipiga kura.

Miaka ya baadaye

Maisha ya Morison baada ya ushindi huo hayakuwa ya kupanda tu. Mwaka 1896 alilazimika kuacha ukatibu wa chama katikati ya mzozo wa ndani. Ndoto yake ya kuwapatia wanawake wafanyakazi nyumba ya kupumzikia baada ya ugonjwa, ambayo aliifanyia kampeni kwa muda mrefu, haikusimama kama alivyotaka. Wazo hilo lilitokana na aliyoyaona: mshonaji aliyeugua alirudi kwenye cherehani kabla hajapona, kwa sababu siku bila kipande ilikuwa siku bila chakula.

Mwaka 1906 aliingia serikalini kama mkaguzi wa viwanda. Mwanamke aliyewahi kusimama mlangoni akiomba ruhusa ya kuzungumza na wafanyakazi sasa aliingia kwa nguvu ya sheria, akiangalia saa za kazi, hewa, mwanga na vitabu vya mishahara. Mwaka 1908 alipewa jukumu la kusimamia ofisi ya serikali ya ajira kwa wanawake mjini Auckland. Huko alikutana na kundi jingine la wafanyakazi wasiosikika: wasichana wa kazi za nyumbani, waliolala katika nyumba za waajiri wao na ambao siku yao ya kazi haikuwa na mwanzo wala mwisho ulio wazi.

Hakuolewa. Alifariki New Lynn, Auckland, mwezi Agosti 1925. Kwa miongo mingi baadaye alibaki katika vitabu vya wanahistoria wachache wa vyama vya wafanyakazi.

Alichokiacha, na kilichobaki

Yapo mambo ambayo kizazi cha Morison hakikuyapata. Orodha ya Dunedin iliinua malipo ya wanawake, lakini haikuyalinganisha na ya wanaume. Mahakama za usuluhishi, zilizotokana na sheria ya 1894, zilikuja kuiwekea tofauti hiyo muhuri. Mantiki yake ilikuwa ileile iliyotumika Australia baada ya hukumu maarufu ya mwaka 1907: mshahara wa mwanaume ulipimwa kwa mahitaji ya familia nzima, wa mwanamke kwa mahitaji ya mtu mmoja. Mjane mwenye watoto wanne alilipwa kama mtu mmoja, na kapera asiye na mtegemezi alilipwa kama baba. Mwaka 1936, miaka kumi na moja baada ya kifo cha Morison, mshahara wa msingi nchini New Zealand uliwekwa kuwa pauni 3 na shilingi 16 kwa wiki kwa mwanaume, na pauni 1 na shilingi 16 kwa mwanamke, yaani chini ya nusu.

Ilichukua hadi mwaka 1960 kwa wanawake walioajiriwa na serikali kupata sheria ya malipo sawa, na hadi 1972 kwa sekta binafsi. Hata hivyo sheria ya malipo sawa kwa kazi ileile ilikuwa na pengo ambalo mshonaji yeyote wa 1889 angelitambua. Katika karakana yenye wanawake watupu, hakuna mwanaume wa kulinganishwa naye. Kila mtu analipwa sawa, na wote wanalipwa kidogo.

Pengo hilo lilifikishwa mahakamani mwaka 2012 na Kristine Bartlett, mhudumu wa wazee katika mji wa Lower Hutt, aliyefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini na kubaki karibu na kima cha chini cha mshahara. Chama chake cha wafanyakazi kilihoji kama kazi ya kumwosha, kumlisha na kumtuliza mzee ingelipwa hivyo endapo wanaofanya kazi hiyo wangekuwa wanaume. Mahakama ya rufaa ilikubali mwaka 2014 kwamba swali hilo lina nafasi katika sheria. Makubaliano yaliyoanza kutumika Julai 2017 yaliongeza malipo ya wahudumu wapatao 55,000, kwa gharama ya takriban dola bilioni 2 za New Zealand kwa miaka mitano. Mwaka 2020 sheria ilifanyiwa marekebisho ili kazi nyingine zinazofanywa zaidi na wanawake ziweze kupimwa kwa njia hiyo, kwa kulinganisha ujuzi, wajibu na ugumu wa kazi na zile za kazi zinazofanywa zaidi na wanaume.

Ni njia hiyo iliyobanwa mwaka 2025. Mabadiliko yalipitishwa kwa utaratibu wa dharura, bila wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni mbele ya kamati ya bunge. Kiwango cha kazi kuhesabiwa kuwa ya wanawake kilipandishwa kutoka asilimia 60 ya wafanyakazi hadi 70, kwa kipindi cha miaka kumi. Serikali ilieleza kwamba mfumo wa awali ulikuwa umepanuka kupita kiasi na kuwa mzigo kwa bajeti ya taifa, na kwamba madai mapya bado yanaweza kuwasilishwa. Wapinzani walisema kwamba wanawake waliokuwa wamekusanya ushahidi kwa miaka walirudishwa mwanzo kwa siku mbili. Wabunge wanawake wa zamani kutoka vyama mbalimbali, wakiongozwa na Marilyn Waring, waliunda kamati yao ya kiraia kusikiliza maoni ambayo bunge halikuyasikiliza.

Wengi wa wanaoguswa na madai hayo ni wahudumu, wauguzi, walimu na wafanyakazi wa jamii, na katika kazi hizo wahamiaji ni wengi, kama ilivyo Australia na katika nchi nyingine ambako Waswahili wamehamia. Wanachoambiwa kinafanana sana na alichoambiwa mshonaji wa Dunedin: kwamba kazi yao ni ya thamani sana, ila fedha hazipo. Jibu la Harriet Morison kwa kauli hiyo lilikuwa kukaa mezani na kuitaja kazi kipande kwa kipande, hadi aliyekuwa akiiita rahisi alazimike kuihesabu.

Mjini Christchurch, kando ya mto Avon, kuna sanamu ya ukumbusho ya wanawake waliopigania kura, iliyozinduliwa mwaka 1993 katika kuadhimisha miaka mia moja ya ushindi wao. Kate Sheppard yupo katikati. Miongoni mwa wenzake watano waliochongwa pamoja naye yupo Meri Te Tai Mangakahia, mwanamke wa Kimaori aliyedai haki hiyohiyo katika bunge la watu wake, na yupo pia katibu wa washonaji wa Dunedin.